Siku Nilipoinamia Mkoba

Nyumbani,
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na mapacha hamjambo, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu uanze mazoezi. Sisi tunapumua. Cherehani yangu siku hizi ina kelele kunishinda mimi, lakini wateja wanatuvumilia sote wawili.

Uliniuliza kwenye simu kama Chiriku ameizoea shule ya bweni. Nikakujibu ameizoea, ana marafiki tele. Dada, nilikudanganya. Hakuna cha shule ya bweni. Mtoto yuko mahabusu ya watoto tangu mwezi wa nne, na kwa aibu hata wewe nikakuficha.

Mwalimu alimtaka avue sweta darasani kwa sababu ya joto. Akakataa. Alipovutwa mkono akakimbilia nje, akaokota jiwe na kuvunja dirisha la ofisi, kioo kikamkata mwalimu mkuu usoni. Wewe ndiye uliyempa jina la Chiriku kwa vile alikuwa haishi maneno. Polisi walipomuuliza sababu, hakutoa hata neno moja.

Aliyenifumbua macho ni mshauri nasaha wa pale mahabusu, mama mmoja mpole. Chini ya ile mikono ya sweta kulikuwa na makovu. Mtoto alikuwa akijikata mwenyewe, na si jambo la jana. Na nguo zake zote za mikono mirefu nilizishona mimi. Kila alipoomba gauni la kumfunika hadi kwenye kiganja nilifurahi, nikawaringia wateja kwamba binti yangu ameanza kuwa na staha. Ningempima, ningeona. Lakini watoto wa watu nawapima kwa futi, wangu nilimkatia kwa kufuata gauni lake la zamani, maana wateja walikuwa wakisubiri.

Hilo bado si baya kuliko yote. Siku ya kesi nilikuwa kwenye benchi, kwenye korido ya mahakama, nikamwona mteja wangu mmoja wa magauni ya harusi, mwenye mdomo usiofungwa, amekuja kwa shauri lake la kiwanja. Karani akafungua mlango, akaita mzazi wa mtoto. Nikainamia mkoba, nikajifanya natafuta kitu. Akaita tena. Nikazidi kutafuta. Chiriku akapita mbele yangu na askari wa kike, akanitazama, akaingia peke yake.

Kesi ikaahirishwa kwa kuwa mzazi hakuonekana. Hakimu alikuwa tayari kumruhusu arudi nyumbani siku hiyohiyo. Mshauri aliniambia baadaye, wala hakunigombeza, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Mume wangu anasema akae huko apate adabu. Lakini kila nikitoka kumtembelea, swali lake la kwanza ni kama mtoto amekula.

Jana nilikwenda na futi yangu. Nikamwomba nimpime gauni la kuvaa mahakamani. Akakunja mikono ya sweta mwenyewe. Nilimpima kutoka begani hadi kwenye kiganja. Nikamuuliza anataka mikono ya urefu gani. Naye akaniuliza lake:

"Mama, siku ile ulikipata ulichokuwa unatafuta kwenye mkoba?"

Nikamwambia hakukuwa na kitu.

"Najua," akasema.

Kesi ni Alhamisi. Hakimu atamuuliza kama anataka kurudi kwangu, na sijui atajibu nini. Mimi nitakuwa nimesimama mlangoni kabla karani hajafungua mdomo, hata kama ukoo mzima wa yule mteja utakuwa umejaa kwenye benchi.

Msalimie shemeji, wape mapacha busu moja moja, na shangazi umpe pole ya ugonjwa wa macho. Mama naye mwambie ukweli wote, kwani mimi bado sauti hainitoki. Mungu awatunze huko mliko, na Alhamisi amkumbuke mtoto wetu.

Gauni nimelimaliza, isipokuwa mikono. Hiyo nasubiri aniambie mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye, hata anapoona haya kukuandikia,
Mama Chiriku