Fimbo ya Mtu wa Nyuma

Kijijini, karibu na Kitaya

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Nakuamkia nikiwa nimepiga magoti, maana hasira zako zimefika huku kabla ya salamu zako. Mgongo unaendeleaje? Na makuti ya paa yamestahimili mvua? Wewe Mwanahawa unayemsomea mama, soma yote, dada'angu, usiruke mahali wala usitie chumvi. Chumvi yangu inatosha.

Sisi wazima, isipokuwa mguu wa Saidi, na huo ndio ulionikalisha kuandika. Dereva wa lori alinifikishia maneno yako mbele ya watu: "Mama yako anasema, fimbo uliyompigia mdogo wako, uje nayo Mikindani umpige na yeye, ndipo umalize." Mama, mimi nimekata mkonge Tanga, nimebeba magunia bandarini Dar, nimetukanwa na mabaharia kwa lugha nisizozijua nikawajibu kwa nilizobuni mwenyewe. Lakini neno lako hilo lilinikata maini.

Sikiliza basi. Tangu vita vya ng'ambo ya Ruvuma vizidi, kijiji chetu cha ujamaa kina mgambo. Kamanda ni Mwalimu Mponda, anayefundisha watoto darasa la nne, na mpenzi mkubwa wa habari za Warumi wa kale. Bunduki hatuna za kutosha, lakini vyeo vya Kirumi, alhamdulillahi, tunavyo tele! Mkubwa hutangulia mbele. Msaidizi wake huitwa opsio, naye hukaa nyuma kabisa na fimbo ndefu, kazi yake kuona mtu hatoki mstarini. Opsio ni mimi. Nani mwingine? Nilipotangazwa nilizunguka kijiji kizima nimebinua kifua, mpaka mtani wangu Chande, Mmakua yule, akanipigia kelele kutoka barazani kwake: "Opsio! Wamekuweka nyuma ili ukikimbia usitukanyage!" Nikamjibu, "Mmakua hakanyagwi, anarukwa!"

Tulicheka. Lakini mstari wenyewe si mchezo. Mashamba yetu ya mpunga yako bondeni, na bondeni humo wale askari wa ng'ambo wamefukia mabomu. Mbuzi wa jirani yetu alikwenda vipande. Njia ni moja tu, iliyopekuliwa na wanajeshi wetu, upana wake kama mkeka. Asubuhi watu huipita mmoja mmoja kwenda palizi, Mwalimu mbele, mimi nyuma, na nje ya njia hakuna anayetia hata kidole.

Siku hiyo Saidi alikuwa wa mwisho, mbele yangu, jembe begani. Tulipofika katikati, bunduki zikalia ng'ambo. Sijui walimlenga nani. Mwalimu akapaza sauti, "Chini! Laleni hapo hapo mlipo!" Watu wote wakalala, hata wanawake wenye watoto mgongoni. Saidi hakulala. Alitupa jembe, akageuka, macho si yake tena, anatazama matete kando ya njia. Nikamwambia, "Saidi, mdogo wangu, lala." Hakunisikia. Nikamwita kwa jina lile ulilokuwa ukimbembelezea akiwa mchanga. Hakunisikia. Akainua mguu autoe njiani.

Mkono wangu haukumfika, mama. Fimbo ilimfika. Nilimpiga muundi kwa nguvu zangu zote, akaanguka kifudifudi njiani, nikamlalia juu mpaka milio ikanyamaza. Mganga wa zahanati anasema mfupa umepata ufa.

Sasa wako wanaosema nilimpiga bure, kwamba pale penye matete hapana kitu. Labda hapana. Nitajuaje? Hakuna aliyekwenda kukanyaga akarudi kutuambia. Na Saidi mwenyewe hasemi nami. Nampelekea uji, anakunywa, anageukia ukutani. Chande alikuja kumtania: "Bwana mdogo, kaka yako hana huruma kabisa. Ningekuwa mimi ningekuonea huruma, nikakuacha uende." Hakucheka.

Mama, ulinikabidhi Saidi ukaniambia nimrudishe kama nilivyomchukua. Akipona nitamleta, na fimbo nitakuja nayo. Nitalala hapo mlangoni, unichape mpaka mkono uchoke. Ila radhi yako usinizuilie, nakuomba. Njia ile naipita kila asubuhi, na bila radhi ya mama hata Mrumi hafiki ng'ambo.

Nisalimie mjomba muuza kahawa, mwambie ya huku ni maji machafu tu. Nisalimie shangazi mkunga, na shemeji anayeadhini, kama sauti yake bado inawaamsha kuku.

Ni mimi mwanao,
Selemani, opsio

Mama, barua ilikaa ikingoja lori, mvua zilikata barabara. Nimeifungua tena. Leo Saidi ametoka kwa mara ya kwanza kwenda shambani, anatembelea gongo. Mwalimu alimpa nafasi ya mbele, karibu naye. Akakataa. Alikuja mpaka nyuma, akasimama mbele yangu, bila kunitazama. Tukaenda, fimbo yangu ikigonga ardhi nyuma yake. Katikati ya njia ukanda wa kiatu changu ukakatika, nikainama kuufunga, na fimbo ikaacha kugonga ardhi. Naye akasimama. Hakugeuka, mama. Alisimama tu, mpaka alipoisikia tena.