Nililifunga Gitaa la Korali

Goma, Jumanne. Mvua imekatika sasa hivi na mtaa mzima wa Mapendo unanuka mawe yaliyolowa. Nimekaa kitandani na viatu vyenye matope, na nina aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Niandike tu.

Mimi ni mpiga gitaa wa pili katika korali, yaani kwaya, ya parokia yetu. Wa kwanza ni Papa Kambale, mzee wa kutoka Butembo, aliyenifundisha hata namna ya kushika gitaa. Gitaa lenyewe ni moja tu, la korali, la umeme, jekundu, tunapokezana, na lilikuwa na ugonjwa mmoja: ukilipiga kwa nguvu, nyuzi zinalegea na sauti inapotea. Nilichoka nalo. Mimi napenda gitaa lilie, lishuke mpaka chini kabisa kisha lipande kwa kelele. Vijana wanapenda. Nami napenda vijana wanapopenda.

Basi binamu yangu aliponiletea kutoka Kampala shevale ya kisasa, yaani kile chuma kinachobeba nyuzi, tena yenye mkono wa kutikisia sauti, nilikosa usingizi kwa furaha. Nikamwomba rais wa korali ruhusa ya kutengeneza gitaa. Akakubali. Sikumwambia kwamba kutengeneza kwangu ni kukata.

Kazi niliifanya vizuri, hilo sitajinyima. Shevale ya namna hii haikai juu ya mbao tu. Unachimba shimo chini yake na nyuma yake ili iweze kuinama huku na huku, ikining'inia kati ya nyuzi zinazovuta mbele na springi zinazovuta nyuma. Niliazima mashine kwa fundi seremala jirani, nikakata kwanza kiolezo cha ubao mwembamba wa triplex, nikachimba kidogo kidogo, na umeme ukikatika nangoja. Vumbi jekundu liliingia mpaka kwenye unga wa muhogo, mama akaninunia. Mwisho, juu kwenye shingo ya gitaa, nikafunga vibano vitatu vya chuma. Ukishavikaza kwa ufunguo wake mdogo, nyuzi hazisogei tena. Unaweza kuzungusha zile funguo za kichwani mwa gitaa, za kukazia na kulegezea nyuzi, mpaka uchoke, sauti inabaki palepale.

Hilo ndilo jambo ambalo sikumwambia Papa Kambale.

Sasa lazima nieleze habari ya mke wake. Mama Kahindo ndiye anayeimba peke yake wimbo wa matoleo. Tangu alipougua koo sauti yake imeshuka, na haishuki kiasi kilekile kila Jumapili. Papa Kambale hajui kuhamisha vidole amfuate. Ana mkao mmoja wa zamani na ameuzoea kama kiti chake cha nyumbani. Kwa hiyo anahamisha nyuzi. Kabla ya wimbo anamtazama mkewe, mkewe anaguna kidogo, na mzee anashusha nyuzi zote mpaka zimkute mama alipo. Nilikuwa namcheka moyoni kwa kazi yote hiyo.

Jumapili nilifika na gitaa misa ikikaribia kuanza. Papa Kambale akaona vyuma vinang'aa.

"Eh, Espe, umeipamba?"

"Ni ya kisasa, Papa. Haipoteze tena sauti."

Nikaenda kuwaonyesha vijana mkono wa kutikisia. Nilijua nina jambo la kumweleza mzee. Nikajiambia, bado kidogo.

Wimbo wa kuingia nilipiga mimi, na watu waligeuka kunitazama. Ulipofika wakati wa matoleo nikampa Papa Kambale gitaa. Alimtazama mkewe, mkewe akaguna. Mzee akazungusha ufunguo wa kichwani, akagonga uzi, akasikiliza. Akazungusha tena. Akainama mpaka sikio likagusa mbao. Nilikuwa nyuma yake, karibu kiasi cha kumshika bega, na kile kiufunguo cha vibano kilikuwa mfukoni mwa koti langu.

Nilielewa papo hapo. Kulegeza vibano si kazi kubwa. Lakini ningepita mbele ya watu walewale waliogeuka kunitazama, waone kwamba nimekata gitaa la korali na nikamsahau anayelipiga.

Nikabaki nimesimama.

Papa Kambale akatoa sauti ya kwanza, ileile ya juu. Mama Kahindo anamwamini mumewe, akaingia nayo. Mstari wa pili ukamkatikia kooni. Akajaribu tena, akakohoa, akaweka kitambaa mdomoni, na korali ikamalizia wimbo bila yeye. Nyuma yetu mtu akasema, "Muzee amechoka."

Misa ilipoisha alinirudishia gitaa kwa mikono miwili.

"Chukua, mutoto wangu. Nilikuwa nazungusha, nazungusha, sauti haishuke. Masikio yangu imekufa."

Na mimi nikasema, "Pole, Papa."

Pole!

Jioni rais wa korali akanipigia simu. Akasema mzee ameomba kupumzika, kuanzia sasa mimi ndiye wa kwanza. Nilisema asante. Na kwa kuwa nimeanza kusema ukweli, niseme wote: nilifurahi. Haikudumu, lakini nilifurahi.

Jana nilienda kwake na gitaa mgongoni. Mlango wa ua ulikuwa wazi kidogo. Papa Kambale alikuwa ameketi kwenye kigoda akitazama ukuta, na Mama Kahindo amesimama mbali nyuma yake, karibu na pipa la maji. Mama anaguna, mzee ananyanyua mkono. Mama anarudi nyuma, anaguna kwa sauti ndogo zaidi, mkono unanyanyuka tena. Walikuwa wanapima masikio yake. Kila mara alisikia, na kila mara aliuliza, "Kweli umeguna? Usinidanganye, Kahindo."

Hakuamini tena hata alichokisikia.

Niliona yale yote, nikageuka, nikarudi nyumbani.

Leo nimekwenda tena. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha vya kutosha. Mvua ilinikuta njiani, nikaingia kwao nimelowa chapachapa. Mama Kahindo akanipa kitambaa nijifute, akarudi jikoni. Nilikaa mbele ya mzee, nikatoa kile kiufunguo, nikaanza kusema kabla ya kuogopa. Nikamwonyesha vibano. Nikamwambia masikio yake ni mazima, kosa ni langu. Nikavilegeza vyote, nikampa gitaa.

Akazungusha ufunguo wa uzi mnene. Sauti ikashuka. Lakini shevale ya kuning'inia haina utii: ukilegeza uzi mmoja, springi zinaivuta na nyuzi nyingine zote zinapanda. Gitaa zima likavurugika. Mzee akagonga uzi mmoja mmoja, macho yamemtoka.

"Hii ni mubaya!" Akagonga mwingine. "Na hii, mubaya! Kahindo, kuja usikie, zote ni mubaya!"

Alicheka mpaka machozi. Sijawahi kuona mtu akifurahia gitaa bovu namna hiyo. Mama Kahindo akatoka na mikono yenye unga, akamshika masikio yote mawili, akacheka naye. Mimi pia nikacheka. Nilidhani imekwisha.

Kisha Papa Kambale akafuta machozi, akanitazama.

"Siku ya Mungu, wakati nilikuwa nazungusha. Wewe ulikuwa nyuma yangu. Ulisikia sauti haishuke?"

Ningeweza kusema hapana. Kanisani kulikuwa na kelele, wangeniamini.

"Nilisikia, Papa."

Mama Kahindo akaachia masikio ya mumewe. Hakuna aliyenitukana. Akasema tu kwamba chakula kiko karibu, nikae. Nilisema nimeshiba. Nilikuwa na njaa.

Kesho nitang'oa vibano, na ndani ya lile shimo nitakaza kipande cha mbao ngumu ili shevale isining'inie tena. Gitaa halitalia kama vijana wanavyopenda, lakini litashuka. Mbao niliyoichimba hairudi, hilo pia nilimwambia.

Jumamosi tuna repetisyo, mazoezi ya korali. Wenzetu wote bado wanaamini mzee amekuwa kiziwi na mimi nimestahili kiti chake. Papa Kambale alinisindikiza mpaka mlangoni na hakuniomba nimsafishe mbele ya mtu yeyote. Angeniomba, ingekuwa rahisi kwangu. Alisema tu kwamba Jumamosi atakuja, atakaa benchi ya nyuma.

Masikio yake ni mazima. Nikisema, atasikia. Nikinyamaza pia, atasikia.