Filimbi Katika Redio ya Jirani

Papa,

Kesho tunapanda treni ya Kasai. Wenyeji wa Katanga wanasema sisi ni watu wa kule, turudi kwetu, hata mimi niliyezaliwa hapa hapa Elisabethville. Mama anauliza jambo moja tu: nani atapalilia kaburi lako? Tangu tukuzike sijalia, Papa. Nakunja nguo, nafunga masufuria, basi.

Ulipokuwa ukitengeneza redio za watu ulinieleza kwamba redio haipokei tu. Nayo inatoa wimbi lake ndani kwa ndani, inalichanganya na lile linalotoka mbali, na hapo linazaliwa wimbi jingine, ndilo linalotuletea sauti. Ila wimbi lake huvuja kidogo, likapita ukuta. Ndiyo maana kila ulipofungua kituo cha Leopoldville, redio ya jirani yetu Baba Ngosa ilipiga filimbi, naye akagonga ukuta kwa kiatu. "Papa Mukendi! Redio yako iko nasumbua yangu!" Nawe, mchokozi, ukapunguza sauti, huku ukijua haisaidii kitu. Hata redio ikinyamaza, wimbi linavuja vilevile.

Halafu Katanga yetu hii ikajitenga na Kongo, na Baba Ngosa, mtu wa Katanga, akaacha kutusalimu. Hata kwenye matanga yako hakuja. Hilo liliniuma. Baada ya hapo sikumbuki kuumwa na kitu.

Jana jioni nilifungua redio yako. Sikutaka kusikia mtu akiongea, nilitaka kuona taa yake ikiwaka tu. Sauti nikaifunga kabisa. Mshale wa vituo sikuugusa, uko pale ulipouacha, kwenye Leopoldville.

Ukuta ukagongwa.

Kisha Baba Ngosa akatokea mlangoni, mguu mmoja mtupu, kiatu mkononi. "Nilizani iko yeye," akasema, akaanza kulia. Mimi nikamtazama tu. Mama akamwambia habari ya treni na ya kaburi. Akajipangusa uso kwa mkono wa shati. "Kaburi yake, mi njo nitaangaria. Muende na roho muzuri."

Usiku Mama alipata usingizi.

Nawe lala, Papa. Redio tunaenda nayo, nimeifunga katika blanketi lako. Nakuahidi, huko Kasai nitaifungua mshale ukiwa palepale. Jirani akigonga ukuta, nitapunguza sauti kwanza, nione kama nitacheka.

Mwanao,
Kapinga