Zima Redio, Dada

Ushongo, 20 Juni 2024

Kwa ndugu yangu Yakoub,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Nataraji wewe, Rahila na watoto hamjambo. Namba yangu umeifungia tangu tulipogombana juu ya nyumba ya mama, ndiyo maana nimempa Khadija, jirani yangu, akuletee barua hii. Usidhani nimekusamehe. Nina shida.

Nimeletewa barua yenye nembo ya ngao na mhuri mwekundu: NOTISI YA MWISHO. Inasema leseni ya redio yetu, ile ya kuzungumza na boti zikiwa baharini, imekwisha. Nilipe kwa Kituo cha Kitaifa cha Usajili wa Masafa, na nikiiwasha kabla ya kulipa ni jinai. Ayubu anasema, "Mama, itupe jikoni." Mimi naogopa, mwanangu asije akafungwa. Wewe kazi yako ni mambo ya leseni huko mjini. Niambie, ni ya kweli?

Dada yako,
Zuleha

Tanga, 24 Juni 2024

Dada, shikamoo.

Sisi hatujambo. Barua hiyo ni sahihi. Zima redio, dada. Ukishalipa utawasha. Ayubu ni kijana, hajui sheria, asikutie matatani. Na usiende kuulizauliza maofisini, utajichongea mwenyewe.

Habari za nyumba ya mama usiniletee tena. Nimechoka kusimangwa.

Mdogo wako,
Yakoub

Ushongo, 19 Julai 2024

Yakoub,

Leo sikusalimu, na hali yangu usiiulize.

Redio niliizima siku ile ile niliyopata jibu lako, nikawa natafuta mnunuzi wa mbuzi wangu ili nilipe. Wiki iliyopita Ayubu na Msafiri, kijana anayemsaidia, walikwenda kisiwani Maziwe kuwapelekea wageni maji ya kunywa. Upepo wa kusi ulikuwa mkali. Mashine ikazimika, boti ikaanza kujaa maji. Msafiri anasema Ayubu aliita redioni mpaka sauti ikamkauka. "Mama, Ushongo, mama, nijibu." Mimi nilikuwa chumba cha pili, nachambua mchele. Redio ipo mezani, nimeifunika kitambaa.

Jirani yetu Abdulghani naye alikuwa amezima yake. Alipata barua kama yangu.

Wavuvi wa Kigombe walimwokota Msafiri akiwa ameng'ang'ania dumu. Mwanangu hajaonekana.

Nimekwenda Tanga, kwenye ofisi ya serikali yenyewe. Binti wa pale aliiangalia leseni yangu akasema, "Mama, hii ni hai mpaka mwakani. Hao waliokuandikia ni kampuni ya watu binafsi." Nikafuata anwani iliyo kwenye bahasha. Chumba kimoja, nyuma ya duka la vitambaa. Nikagonga, akafungua Rahila, mkeo, vidole vimejaa gundi, bahasha zimefika kiunoni. Aliponiona akalia. Hakuna nilichohitaji kumuuliza.

Nilikuuliza wewe, Yakoub. Sikumuuliza mtu wa njiani.

Zuleha

Tanga, 25 Julai 2024

Dada, shikamoo.

Pole kwa msiba. Ayubu alikuwa mwanangu pia, nilimbeba mgongoni, hilo huwezi kunipokonya.

Lakini usinifanye muuaji. Chini ya kila barua tumeandika kwamba sisi si serikali na huduma yetu ni ya hiari. Mtu asiposoma, kosa langu? Mashine sikuizima mimi. Bahari sikuichafua mimi. Ningekwambia wewe ukweli, kesho yake Pangani nzima ingejua, na wanangu wangekula nini? Wewe ulibaki na nyumba. Mimi mlinipa nini?

Nasikia polisi wameanza kuuliza. Wewe na Abdulghani nyamazeni. Tuyamalize kindugu, nitagharamia hitma.

Mdogo wako,
Yakoub

Ushongo, 6 Agosti 2024

Yakoub,

Ayubu ameonekana. Bahari ilimtupa Tongoni, na watu wa pale wakamstiri kwa shuka kabla sijafika. Nimemtambua kwa kovu la goti. Tumemzika Alhamisi. Nilikuona umesimama nyuma kule, karibu na ukuta. Wanaume walitaka kukutoa, nikawaambia wakuache umalize dua. Usidhani nilikuonea huruma. Sikutaka fujo juu ya mwanangu.

Gharama zako sizitaki. Hitma tumesoma kwa uji na tende, imetosha.

Maandishi yale ya chini nimesomewa. Kweli yapo, madogo kama mayai ya chawa. Ila wewe hukuniandikia kwa herufi ndogo. Uliniandikia kwa mkono wako, "Zima redio, dada." Barua hiyo nimewapa polisi. Abdulghani naye ametoa ya kwake, na wenye boti wa Kigombe wameleta za kwao.

Rahila amenipigia jana usiku kwamba wamekuchukua, na kwamba watoto wanauliza. Nimemwambia awalete huku, wakae nami. Hawana kosa.

Jumatatu nakuja Tanga. Nitakuletea wali na samaki, kwa sababu mama alinitaka nisikuache na njaa. Nitamwachia askari mlangoni. Kukutazama ukila sitaweza.

Kisha nitakwenda mahakamani, nitaapa, nitasema yote.

Dada yako,
Zuleha