Shuka ya Akeyo

Namalwa, mgeni ametoka hapa sasa hivi. Mjukuu wa yule memsahibu wa shamba la Bahati. Eti nyanya yake ndiye aliyemfundisha mama yangu Akeyo kuoka mkate.

Alimfundisha. Hebu sikia hilo.

Mwaka wa hamsini na nne Akeyo alikuwa mpishi wao. Unga aliokanda aliufunika kwa shuka yake karibu na jiko uumuke. Memsahibu akaitupa shuka kwenye matope. "Inanuka moshi." Akafungua madirisha yote, na ilikuwa baridi ya Julai. Mkate ukatoka tofali, wageni wameketi mezani.

Memsahibu akamwambia Akeyo aseme kosa ni lake, la sivyo atoke shambani na watoto. Akeyo akasema ni lake. Kosgei, mkamuaji wa maziwa pale shambani, ndiye aliyeiokota shuka, akaifua bila kuambiwa, akamrudishia.

Mama alitulea na neno moja: unga hupona ngumi, hauponi baridi.

Leo mjukuu ataka kuoka kwangu, "kama nyanya". Nikamwachia akande. Kisha nikafungua madirisha yote, baridi iingie.

"Mbona hauumuki, mathe?"

"Muulize mwalimu."

Shuka ya mama nilikuwa nimeikalia.