Boti Inayogeuka Hata Ukiiachia

Chumba cha juu,
Nyuma ya karakana ya boti,
Ziwani.

Jumapili, 3 Agosti

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Najua adabu ya barua ni salamu kwanza na habari baadaye, lakini nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, unanijua. Kwa hiyo acha nilitoe hili likiwa bado la moto, kisha nitarudi kukusalimia kama mtu aliyelelewa. Ni jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Bibi ambaye huambiwa kila kitu. Kila mara uliponikalisha kwenye usukani wa boti yetu Mkaidi, tukikaribia gati, nilikuwa nafumba macho.

Sisemi kufinya macho kwa sababu ya jua. Nilikuwa nayafumba kabisa. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu, hukuona. Uliona tu mkono wangu ukiuachia wenzo wa moto unaoipa injini kasi, ukadhani nimesahau, ukanirudia somo lako lile lile: "Kobe, ukiogopa, ongeza moto." Nami nikaitikia, "Ndiyo, Mjomba," na macho bado yamefumba.

Haya, sasa salamu. U mzima huko? Kile kikohozi cha baridi kimekwisha? Bibi anauliza kama unakula, na anauliza kwa sauti ya mtu ambaye jibu tayari analo. Sisi huku tu wazima. Bega la Mama linapona polepole, ameanza kuchana nywele mwenyewe, lakini daktari amemkatalia kabisa kushika usukani hadi mwaka uishe. Bibi ni mzima kuliko sisi sote. Mimi nimemaliza mitihani ya muhula na nimesoma vitabu vyote vya rafu ya chini maktabani, sasa napanda ya pili.

Barua yako tuliipata. Mama aliisoma mezani kwa sauti mpaka pale ulipoandika kwamba utaacha chuo cha unahodha urudi kuendesha boti ya nyumbani. Hapo akaikunja, akaiweka chini ya kikopo cha chumvi. Siku hiyo chakula hakikuwa na ladha kwa mtu yeyote. Hakuna aliyekulaumu. Sote tulijua hali ilivyo: msimu wa likizo ukifunguliwa na nyumba hii haina mtu mwenye leseni awezaye kushika usukani, nafasi yetu ya gati anapewa mwingine, na mwingine huyo ni Mawimbi, jirani yetu. Alikwisha kuja kuzipima nguzo zetu kwa kamba. Mama alipomuuliza anafanya nini, alisema anapunga upepo.

Kwa hiyo mstari huu unaofuata usiuruke. Usirudi, Mjomba. Baki chuoni. Leseni imepatikana, na aliyeipata ni mimi.

Kama umesimama, kaa. Nitakueleza.

Ile boti mpya aliyoiagiza Mama kabla ya kuumia bega ilifika mwezi uliopita juu ya trela, imefunikwa turubai kama bibi harusi. Wewe uliwahi kuandika kwamba boti za siku hizi ni sebule zinazoelea, zimetengenezewa watu wavivu. Kwa heshima zote, Mjomba, nakupinga, na nakupinga kwa hoja.

Tuanze na Mkaidi. Wewe unamfahamu kuliko mimi, lakini nivumilie. Mkaidi hana rafadha, yale mapanga yanayozunguka majini. Anafyonza maji kwa tumbo na kuyatema kwa nyuma, na ule mdomo unaotema ndio unaogeuka usukani ukigeuka. Akiwa anatema, anatii. Ukipunguza moto akaacha kutema, usukani unakuwa pambo. Unaweza kuuzungusha kama gurudumu la cherehani, yeye anaendelea kule kule alikokuwa anakwenda. Ndiyo maana ukatufundisha kwamba mbele ya gati mtu asiachie, aongeze. Mama ana moyo huo. Wewe unao. Bibi, tukimpa usukani, ataongeza moto mpaka gati lisogee lenyewe. Mimi moyo huo sikugawiwa. Mimi nikiogopa, mkono unaachia. Nimejaribu kuukemea, hausikii.

Sasa boti mpya. Kitabu chake cha maelezo nilikisoma kitandani kama watu wanavyosoma hadithi, na nilipofika penye mchoro wa mkia wake nilikaa kitako. Chini ya ule mdomo wa kutemea maji, waliounda wameweka mapezi mawili kama ya samaki. Mdomo ukigeuka, nayo yanageuka. Hata ukiachia moto kabisa, boti bado inateleza, maji bado yanapita chini yake, na mapezi yanayakamata maji hayo na kuigeuza. Yakigonga gogo yanajikunja juu, halafu yanarudi mahali pake. Ni kitu kidogo tu. Nilishuka karakanani nikajilaza chalichali chini ya trela, nikayashika kwa mkono. Sijui nikuelezeje, Mjomba. Nilijisikia kama mtu aliyegundua kwamba kuna mahali, mbali sana, watu wasiomjua walikaa mezani wakamfikiria.

Mama alinikuta pale chini akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia nataka kufanya mtihani wa leseni. Alisimama na mkono wake umening'inizwa kwenye kitambaa, akasema, "Toka huko chini kwanza, nikuone unapolisema hilo." Nikatoka, nikalirudia, mgongo wote umejaa grisi. Umri wa leseni nilikwisha kuutimiza, kwa hiyo hakuwa na la kunizuilia isipokuwa kunijua.

Tukaanza mazoezi, Mama kiti cha nyuma, mimi mbele. Nikwambie mambo mengine niliyoyaona. Mkaidi ukimwambia asimame, hujivuta mbele kidogo kidogo kama mgeni aliyesikia harufu ya jikoni. Hii ikiambiwa isimame inasimama. Nyuma ya mdomo wa kutemea kuna bakuli la kuyarudisha maji mbele, nalo lina kiungo kinacholiweka pale pale ambapo nguvu ya mbele na ya nyuma zinalingana. Chini ya usukani kuna vitu viwili vya kuvuta kwa vidole. Cha kulia kinaisogeza mbele kidogo, cha kushoto kinairudisha, kwa mwendo wa mtu aliyebeba chai ya mgeni. Tumbo lake limechongwa kali zaidi mbele, kwa hiyo inayapasua mawimbi badala ya kuyapiga makofi.

Na magugu! Unakumbuka ulivyokuwa unazama chini ya Mkaidi na kisu cha Bibi cha jikoni mdomoni, na Bibi juu ya gati analalamikia kisu chake, si mwanawe? Hii ina mfuniko nyuma ya viti. Unazima injini, unaufungua, unaingiza mkono, unayatoa magugu ukiwa mkavu. Kisu cha Bibi kimestaafu.

Bibi mwenyewe tulimchukua siku ya tatu ya mazoezi. Kwenye Mkaidi huwa anashika kila kitu kinachoshikika na kuzungumza na Mungu kwa sauti. Safari hii injini ilikuwa inanong'ona tu nyuma, akaanza kutusimulia kisa cha babu na mkopo wa viatu, akakifikisha katikati, tukageuka tukamkuta amelala. Ikiwa hiyo ni sebule inayoelea, Mjomba, basi nakupa haki yako hapo.

Mawimbi hakukosa. Kila nilipopita alikuwa kwenye gati lake na kikombe mkononi, na siku moja akapaza sauti watu wote wasikie: "Kobe kapanda boti, samaki wahame." Watu wakacheka. Mimi nikatazama chini, unavyonijua. Mama ndiye aliyemjibu, bila hata kugeuka: "Kobe hufika, Mawimbi. Wimbi likifika gati huvunjika." Walicheka zaidi, na yeye mwenyewe akacheka. Si mtu mbaya, ana uroho wa nguzo tu.

Mtihani ulikuwa Ijumaa. Mkaguzi ni mama mmoja mwembamba, mfuko wake umejaa njugu, na hana maneno. Alikaa karibu nami akawa anatafuna. Alinionyesha maboya kwa kidole, nikayazunguka. Akaonyesha nyuma, nikarudi nyuma. Akaniambia nisimame kando ya boya mpaka amalize njugu zilizokuwa kiganjani. Nikasimama, na upepo ulikuwepo. Nilianza kufikiri labda yamekwisha.

Tukiwa tunarudi kwa kasi, aliokota lile duara la kuokolea watu, la rangi ya chungwa, akalirusha mbele yetu akasema, kama mtu anayeomba chumvi, "Mtu majini."

Mkono ukaachia. Ule ule mkono. Macho yakaanza kufumba. Lakini mkono wa pili ulikuwa umeshazungusha usukani, na nikahisi kitu ambacho sijawahi kukihisi kwenye Mkaidi: kule nyuma, chini, mkia ulishika. Nikafumbua macho kwa mshangao. Boti ilikuwa inageuka, kimya, bila moto, na duara la chungwa likapita ubavuni kwetu, likicheza tu na viwimbi vyetu.

Mkaguzi akaacha kutafuna.

"Kwenye boti ya zamani ungempitia juu," akasema.

"Najua."

"Uliachia kwa kuwa unajua hii ina mapezi?"

Ningeweza kusema ndiyo, Mjomba. Kitabu kizima kilikuwa kichwani. Lakini nikasema, "Hapana, mama. Niliachia kwa sababu niliogopa."

Alinitazama kidogo, akamimina njugu chache kiganjani mwangu. "Anayemwona mtu majini asiogope, huyo simpi leseni," akasema. "Haya, tupeleke gatini."

Nilitumia vile vya kuvuta kwa vidole. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Matairi ya gati hata hayakulia. Nikarusha kamba, na aliyeidaka ni Mawimbi, maana alikuwa amekuja kushuhudia nikigonga. Akaifunga kwenye nguzo yetu, fundo zuri kabisa, akajipangusa mikono. Baadaye akamvuta Mama pembeni kumuuliza boti kama hiyo inaagizwaje. Bibi alipiga vigelegele mpaka jirani wa upande wa pili akaja kuuliza nani kaolewa.

Mama alikwenda jikoni, akaitoa barua yako chini ya kikopo cha chumvi, akanipa. "Mjibu wewe," akasema. "Ni wewe unayembakisha chuoni." Ndiyo hii nakujibu.

Usije ukadhani nayadharau uliyonifundisha. Kufunga kamba ni kwako nilijifunza, kusoma upepo kwenye majani ni kwako, na kurudi kumtafuta mtu aliyebaki nyuma ni kwako. Nasema tu kwamba miaka yote ile tulidhani kasoro iko mkononi mwangu, kumbe nusu yake ilikuwa kwenye mkia wa boti. Hiyo nusu wameirekebisha. Nawe ukiwa nahodha wa meli kubwa, ukikuta mtu kama mimi kwenye usukani wako, mwangalie mkono, lakini mwangalie na macho.

Mama anakusalimu sana, anasema usithubutu kurudisha vitabu vya chuo. Bibi anakusalimu, anauliza tena kama unakula, na kisa cha babu na viatu atakimalizia ukija likizo. Mawimbi naye kasema nikusalimie, sijui kwa nia gani, nimefikisha. Msalimie mwenzako wa chumbani yule anayekoroma, mwambie tunamwombea pua.

Mwenyezi Mungu akutie nguvu mwilini na akili kichwani, na maji yote utakayopita yakutambue kuwa ni mtu wa kwao.

Wako akupendaye, na sasa hata akuendeshaye ukitaka,

Mpwa wako,
Kobe

Jumatatu asubuhi. Bahasha nilikuwa sijaifunga, kwa hiyo naongeza. Leo tulipoamka nilimwomba Mama ufunguo wa Mkaidi. Hakuuliza wa nini. Alikuja akakaa kiti cha nyuma, akajifunga jaketi la kuokolea. Nikamtoa Mkaidi hadi kwenye boya la mwisho, nikamgeuza, nikaja naye gatini. Tulipofika pale ninapoachia siku zote, mkono ulitaka kuachia. Nikaongeza moto. Akatii, akageuka, akalala ubavuni mwa matairi, akigonga kidogo tu, kama kawaida yake. Macho yalikuwa wazi muda wote. Nimemfunga mwenyewe, nimekausha viti, nimerudisha ufunguo msumarini, na sasa natembea kwenda posta.