Kitendawili cha Ishirini

Fundi Odhiambo,

Shikamoo. Ungekuwepo ungeitika huku ukinitazama mikono, na kama haina grisi ungeniuliza leo nimekuja kazini au nimekuja kutembea. Leo ina grisi mpaka viwikoni. Nakuandikia nikiwa nimekalia kile kigoda chako, hapa kwenye chumba cha mashine za kupoza chanjo, na karatasi hii itabaki na alama za vidole vyangu. Utanisamehe. Barua zako zote za ofisini zilinuka dizeli.

Nina ugomvi na wewe, lakini nianze na habari.

Miezi minne imepita tangu tukuzike kwenu Shirati. Binti yako Akinyi amejifungua mtoto wa kiume na amempa jina lako. Wanasema ana sauti nzito ajabu. Nikawaambia hiyo ni ngurumo ya mota iliyokosa fezi moja kati ya tatu, apimwe haraka kabla hajaungua. Akinyi alicheka mpaka akashika tumbo. Nadhani alikuwa hajacheka tangu uondoke, na mimi pia.

Hapa kituoni, Bwana Mifugo bado anachovya kijiti kwenye pipa kupima dizeli. Baada ya msiba alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema ataandika barua Mwanza kuomba fundi, na kwamba wakati tunamsubiri, mama wa usafi ataziangalia mashine. Mama wa usafi! Miaka mitatu umenifundisha, Fundi, na bado naitwa kwa jina la ufagio. Ni kweli nilikuja kufagia, mwaka ule tulipohamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa. Lakini wewe ndiye uliyeniambia niweke ufagio chini nishike taa ya kupimia.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Ulikuwa unakuja mapema, unaharibu kitu kimoja kwa siri, halafu unakaa hapa na chai yako. "Kitendawili!" Nami najibu, "Tega!" Mara umelegeza waya, mara umetoa fyuzi, mara umekunja kipande cha boksi la sigara ukakichomeka mahali. Nikishindwa unanyoosha mkono: "Nipe mji!" Nilikupa Tarime, nikakupa Mugumu, nikakupa Musoma na ziwa lake. Ilifika wakati ulikuwa unamiliki mkoa wote wa Mara, umebakiza kudai Nairobi. Ukaahidi kwamba siku nitakayotegua cha ishirini, utasimama mbele ya Bwana Mifugo uniite Fundi. Nilikuwa nimetegua kumi na tisa.

Halafu ile Jumamosi hukuja. Ulikuwa umepelekwa hospitali.

Sasa sikiliza. Jumanne iliyopita chanjo ya sotoka ilifika, masanduku kwa masanduku. Kesho yake ng'ombe wa Kenyamonta na Machochwe walikuwa waletwe kuchanjwa, na kati yao sita wa baba yangu. Saa nne asubuhi mashine ya kwanza ikapiga kelele, beringi ya mota ikakwama, moshi ukatoka. Bwana Mifugo akaja mbio. Nikamwambia, kichwa juu kabisa, asiwe na wasiwasi, tunayo mashine ya pili ya akiba. Nikabonyeza swichi.

Mmmmmm.

Inanguruma, haizunguki. Nikazima upesi, maana mota ya hivyo ukiiacha inaungua ukiitazama. Bwana Mifugo alikuwa amesimama mlangoni na kipimajoto mkononi. Niliona anafikiria Mwanza, na Mwanza ni mbali, na chanjo ikipata joto ni maji tu.

Nilitaka kufungua kila kitu kwa mara moja. Ndipo nikakusikia: "Usibahatishe, Mama Gati. Pima." Nikazima jenereta, nikazungusha mkanda wa kompresa kwa mkono. Ukaenda laini, kwa hiyo kompresa haijakwama. Nikawasha jenereta, nikachukua taa yako, zile balbu mbili ulizoziunganisha kwa kufuatana. Umeme unaoingia kwenye kontakta, ile swichi inayoupeleka kwenye mota: waya nyekundu na njano, inawaka. Njano na buluu, inawaka. Nyekundu na buluu, inawaka. Fezi zote tatu zipo, na fyuzi ni nzima.

Nikapima upande wa kutokea, mota ikinguruma kidogo tu. Nyekundu na njano, inawaka vizuri. Buluu pia ikawaka, ila kwa unyonge. Hapo kidogo nidanganyike, Fundi, niseme basi buluu ipo, tatizo ni mota yenyewe. Lakini kosa hilo lilishanigharimu Musoma, sikulisahau. Umeme ulikuwa unarudi kupitia ndani ya mota. Nikazima, nikafungua waya tatu za mota, kila moja nikaifunga shanga ya rangi yake kutoka shingoni mwangu nisije nikazirudisha kinyume. Nikawasha, nikapima tena. Buluu, giza.

Kwa hiyo buluu inaingia kwenye kontakta, haitoki. Nikazima jenereta, nikafungua kifuniko.

Kipande cha boksi la sigara. Kimekunjwa mara tatu, kimekaa katikati ya vidole viwili vya buluu visigusane, kimetulia kama mgeni aliyekaribishwa. Juu yake, kwa penseli, kwa mwandiko wako wa kulala upande: 20.

Wewe mzee! Safari hii ulikitega Ijumaa jioni, ukaenda zako ukaugua, ukafa, hukumwambia mtu! Na Bwana Mifugo alikuwa amekataza kuwasha mashine ya akiba ili kuokoa dizeli, basi kikakaa pale miezi minne kinanisubiri. Nilicheka peke yangu sakafuni. Halafu nililia, Fundi. Nililia sana, maana kwa muda ule mfupi ilikuwa kama umekaa hapo nyuma yangu na chai yako.

Nilikitoa, nikarudisha waya, nikawasha. Ilizunguka papo hapo. Ng'ombe walichanjwa wote.

Bwana Mifugo aliuliza ilikuwa nini. Nikasema buluu ilikuwa haipiti. Sikumwambia nani aliizuia, nimekufichia aibu. Akatazama kipimajoto kinashuka, akasema, "Asante, Fundi." Kisha akaenda ofisini, na barua ya Mwanza mpaka leo haijaondoka. Kwa hiyo ahadi yako imetimia, ingawa umemtuma mtu mwingine aiseme.

Kijiji kimenipa wanafunzi wawili, msichana na mvulana. Jumamosi ijayo nawaanzia. Nakuahidi nitawatega kama ulivyonitega, bila huruma. Ila kila ninachotega nitakiandika kwenye daftari la zamu siku hiyohiyo, maana sisi mafundi tumeshaonekana hatuaminiki, tunakufa bila kuaga.

Pumzika sasa, mzee wangu. Nakushukuru, nakukumbuka, na ugomvi umekwisha. Kipande chako nimekibandika ukutani juu ya swichi. Cha ishirini nimekitegua.

Mji hupati.

Fundi Bhoke